Mti Nambari 417

Utepe naufunga kifuani pa mti,
mita moja na sentimita thelathini kutoka ardhini.
Ndivyo tulivyofunzwa kwenye semina kule Kakamega,
tukapewa soda, fulana za kijani, na simu za kazi
zinazopeleka unene wa kila gome
kwa watu wasiojua tope la Shinyalu.

Wanasema pumzi ya miti yetu hupimwa kwa tani,
wenye viwanda na ndege huinunua,
na kwamba mahali fulani, kwenye meza yenye bendera nyingi,
walikubaliana.
Sina neno. Mvua siku hizi ina tabia za mdeni:
huahidi, hukwepa, kisha usiku mmoja huvunja mlango.
Mahindi ya Machi tumeyapanda mara mbili.

Lakini leo nimefika kwa Finike Khasandi,
na pale palipokuwa na 417
pana kisiki kinachotoa maji bado,
na unga wa mbao umetanda uani
hadi kwenye miguu ya kuku.

"Usiutafute," akaniambia. "Uko na Erasto."

Walimzika Jumamosi.
Lusiola hiyo waliipanda wawili, mwaka waliooana,
kabla ya mkataba, kabla ya nambari,
kabla ya mimi na utepe wangu.
Jeneza la mjini ni elfu thelathini na tano.
Malipo ya pumzi, mwaka jana mzima,
yalikuwa mia sita na ishirini:
akanunua dawa ya presha, ya Erasto,
na sukari kidogo.

Simu inauliza: Mti upo?
Hapana.
Sababu?
Visanduku vinne: upepo, moto, ugonjwa, wizi.

Kidole changu kinaning'inia.
Nikibonyeza wizi, jina lake litafutwa.
Nikibonyeza upepo, sitakuwa nimedanganya sana.

Finike analeta chai ya rangi, anachungulia kioo.
"Waambie hewa yao haijaenda popote.
Imo ndani ya mbao, mbao zimo ndani ya udongo,
na mlinzi wake hatoki."

Nacheka. Naye anacheka, kisha anaacha,
anafuta kikombe ambacho hakina maji.

Nikachuchumaa, nikakizungusha kisiki utepe
ingawa hakuna aliyeniuliza.
Mia moja sitini na moja.
Nikaandika kwa kalamu, kiganjani.