Kumbukumbu za Kikao cha Barabara

Nimeandika: kikao kilifunguliwa saa nane na robo
kwa maombi mafupi.
Sikuandika kwamba viti vilikuwa ishirini
na sisi tulikuwa tisini,
wala kwamba ukumbi wetu wa Umoja ulinuka rangi mbichi
iliyopakwa jana yake, kwa heshima ya diwani.

Ajenda ya kwanza: tuta.
Lile tulilolijenga wenyewe usiku mbele ya lango la shule,
kwa kifusi na saruji ya mchango,
kaunti ikaja kulichimbua kabla ya chai ya saa nne,
kwa mbio ambazo hatujawahi kuziona
mtaro wa maji taka ukifurika.
"Halikuwa na kibali," akasema Mheshimiwa Shivachi.
"Tuta lina vipimo vyake. Kimo, upana, mteremko."
Mwalimu Kerubo akasimama.
"Na mtoto wa darasa la pili, vipimo vyake mnavyo?
Kimo chake hakifiki boneti.
Dereva hamwoni.
Humsikia tu."

Nimeandika: mwalimu alitoa maoni.

Ajenda ya pili: maegesho.
Hapo jirani akamgeukia jirani.
Malori matatu ya Gathirimu yanalala njia ya waendao kwa miguu
kama ng'ombe walioshiba,
sisi tunapita barabarani, bega kwa bega na mabasi.
"Niyalaze wapi basi? Kitandani?"
Ukumbi ukacheka, na kicheko kikamwokoa.
Abich wa bodaboda akasema, "Breki tunazo.
Nafasi ndiyo hatuna."
Kisha mama mmoja, huko nyuma, sauti ya kikohozi:
"Mnamsema mwenye lori.
Kuna gari jeupe hapa hapa mtaani, kila usiku liko mlangoni kwangu,
nikitoka natoka kiubavu, kama kaa."

Hilo sikuliandika.
Gari jeupe ni langu.

Syombua muuza githeri hakuomba ruhusa ya kusema.
Alikuja mbele na kopo la mafuta ya kupikia,
akaligeuza juu ya meza.
Mahindi.
Yakatapakaa juu ya ajenda, juu ya simu mbili za Mheshimiwa,
yakadondoka sakafuni punje kwa punje,
kwa muda mrefu kuliko tulivyodhani.
"Siku mbili," akasema. "Mtoto amesimama kivukoni,
gari halikusimama: punje moja."
Msaidizi wa diwani akavua miwani.
"Takwimu hizi zimethibitishwa na nani?"
"Na mahindi."

Azimio: kamati ndogo iundwe.
Azimio: bajeti itazamwe mwaka ujao wa fedha.
Kikao kilifungwa saa kumi na moja kasoro dakika tano.

Nje, lori la Gathirimu lilikuwa limeziba gari la Mheshimiwa,
pikapu ya Hirsi wa vipuri imeziba lori,
na langu limeziba lango.
Kila mmoja alishika funguo, akingoja mwenzake aanze.
Mheshimiwa alikuwa na kikao kingine, ng'ambo ya barabara,
hatua arubaini labda.
Akaamua kwenda kwa miguu.

Akafika ukingoni. Gari likapita.
Akatoa mguu, akaurudisha.
Likapita jingine, na jingine, na basi lenye honi ya tarumbeta.
Syombua alikuwa amesimama kando yake,
hakumtazama, hakusema neno.
Aliingiza mkono mfukoni mwa aproni
na kila gari likipita tukasikia punje
ikigonga sakafu ya kopo.
Mheshimiwa akainua mkono juu,
vile mtu anavyoinua akiomba kusema kikaoni.
Hakuna aliyempa nafasi.

Nilihesabu kumi na nne kabla hajavuka.

Kikao kilikuwa kimeshafungwa.
Nimekaa na kalamu tangu jana jioni
na sijui punje hizo niziandike chini ya ajenda gani.