Sekunde ya Arobaini na Moja

Alhamisi, baada ya chai, nashuka kugonga mlango wa chini.
Struan Gilfillan hufungua amevaa tai,
tai ya kijani, kwa heshima ya santuri,
maana hata wale, asema, walivaa tai mbele ya pembe la bati
na hakuna aliyewaona.

Nje, Partick inalowa manyunyu kama ilivyolowa juzi.
Anapangusa santuri kwa velveti,
anazungusha mkono wa gramafoni mara thelathini na mbili
(nimehesabu)
kisha anachagua sindano mpya.
"Sindano moja, upande mmoja,"
kama mtu anayejigawia vidonge vya presha.

Halafu mchakacho:
kitunguu kikikaangwa katika nyumba ya zamani,
na kutoka nyuma ya kitunguu wanatokea,
banjo kwanza, chaka-chaka, chaka-chaka,
klarineti ikicheka kama mtoto aliyejificha kabatini,
tarumbeta mbali, imesukumwa hadi ukutani
isije ikairusha sindano iliyochonga nta.
Ngoma kubwa ilizuiwa mlangoni kwa kosa hilohilo.
Mpigaji akapewa kipande cha mti agonge.
Sikiliza: ko. Ko-ko.
Mwanamume mzima na kipande cha mti,
na miguu yangu haitulii.

Besi ni tuba. Tuba ni baba yake,
Dougal, fundi wa boila siku sita katika kiwanda cha meli,
na Jumamosi usiku mashavu yake mali ya ukumbi wa dansi.
Jina lake halimo kwenye lebo.
Lebo inasema bendi, basi.

Struan anainua kidole.
Bendi nzima inanyamaza, pigo moja,
kimya cha makusudi, kimya cha madaha,
na katikati ya kimya hicho, mapema, peke yake:
bu!

Nta haikuwa na kifutio, na nta ilikuwa ghali.
Wakaendelea.
Ukitega sikio utasikia klarineti ikitetemeka,
mtu anabana kicheko na mdomo una kazi.

Mkewe hakumsamehe.
"Dunia nzima itakusikia ukikosea."
Dunia nzima ni mimi, Struan, na paka.

Maji yakimwagika hayazoleki, wanasema.
Haya yamezoleka, yamegandishwa duara,
yananing'inizwa kila Alhamisi kwenye ncha ya chuma
yadondoke upya.

"Turudie?"
Anatupa sindano, anachukua nyingine.
Goti lake moja ni la hospitali, langu linafuata foleni,
hata hivyo ananipa mkono,
na tunacheza fokstroti kati ya meza na jiko,
namkanyaga, ananisamehe, namkanyaga tena,
thelathini na tisa, arobaini,
na safari hii hatumsubiri mtu,
tunashusha miguu yote miwili, kabla ya bendi,
pamoja na Dougal.

Vikombe vinalia rafuni.
Paka anatoka chumbani bila kugeuka.