Kati ya Kituo na Kituo

Osmo, umeniuliza tena leo mezani,
kahawa ikipoa, ubao umejaa mishale ya wino wa buluu,
kwa nini nimeufuta mchezo wako wa zamu,
ule wa majeshi kusimama safu mbili
kama wageni wa harusi wasiojuana:
huyu apige, yule angoje,
yule apige, huyu angoje.

Sikukujibu. Masikio yalikuwa yameganda.
Najibu sasa, ndani ya tramu namba tisa,
mkono wa kushoto umeshika bomba,
wa kulia nimeuvua glavu. Mwezi huu wa pili
Helsinki nzima imejifunika, isipokuwa vidole gumba.

Tazama pale kitini, mama mwenye kofia ya sufu ya manjano.
Kutoka Kallio hadi stesheni kuu ana dakika saba.
Si nyingi, lakini ni zake.
Amengoja tramu. Atangoja lifti. Kazini atangoja
daktari atie saini, kompyuta iamke.
Siku yake yote ni zamu, na mara nyingi si yake.
Nawe unataka atie mkono mfukoni
atoe kungoja kwingine?

Kwangu mimi upanga unashuka sasa.
Joka la barafu linavuta pumzi, naye anaijua pumzi ile
kama unavyojua maziwa yanayokaribia kufurika.
Anateleza kushoto, anachoma ubavu, anarudi,
na midomo yake, Osmo, midomo yake inacheza.
Hakuna orodha ya amri kumi na mbili
kwa herufi ndogo kama chawa
kwenye kioo cha upana wa kiganja.
Kuna kidole, na kuna wakati.

Utasema zamu ina subira,
mtu akikatizwa, mchezo humngoja kama mbwa mlangoni.
Kweli. Niliuamini ukweli huo miaka minne.
Kisha siku moja nikafungua simu yangu mwenyewe
nikakuta jeshi langu limesimama tangu Jumanne,
mikuki hewani, adui kinywa wazi,
na sikumbuki nani alimkosea nani.
Vita bila hasira ni hesabu,
na hesabu nimeshazifanya mchana kutwa.

Bibi yangu Lempi alicheza sataranji kwa posta
na mhasibu mmoja wa Tartu, miaka kumi na tisa.
Kete moja, barua moja.
Ubao aliuweka dirishani, kando ya kitunguu kilichochipua,
akaupita akienda kufua, akaupita akirudi,
na mchezo ukaendelea ndani yake alipokuwa akikanda unga.
Alipofariki, zamu ilikuwa ya Tartu.
Sisemi zamu ni mbaya. Nasema inataka dirisha,
inataka meza isiyotikisika na mtu anayebaki.
Sisi twawatengenezea watu walioshika bomba.

Sasa tunapinda kona ya Hakaniemi.
Wote tunalala upande mmoja kama nyasi,
kofia ya manjano inayumba, kidole kinakosa
kwa unywele mmoja tu, na joka linammeza.
Nikaona aibu. Nusura nimwombe radhi,
mimi niliyelipa joka lile meno.
Naye akacheka. Kwa pua, peke yake,
ukungu ukatanda kwenye kioo cha dirisha.
Tramu ndiyo iliyompiga, Osmo! Jiji zima liliingia vitani,
reli, kona, breki za dereva,
na zamu yao hakuna aliyewapa.

Ameanza tena. Vituo viwili vimebaki.

Nimepitiliza changu kwa kuchungulia.
Nateremka kwenye theluji iliyogeuka uji,
glavu moja imeondoka na tramu,
kidole gumba kinaniuma mpaka mfupani.
Kama una jibu nipigie sasa hivi, nikiwa bado natembea.
Usingoje nimalize.