Pindo la Ziada

Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne, saa nane usiku.
Mhina ameegemeza simu kwenye cherehani,
sauti chini, komeo juu,
bando la kukopa.
Tunamtazama mtoto wa marehemu dada yangu
kwenye kioo cha ukubwa wa kiganja,
huko kwenye baridi, shindano la kujipamba,
wiki ya sita, wamebaki watano.

Gauni nimelishona mimi.
Naijua mishono yangu hata ikipita mbio:
ule wa kwapani, niliofumua mara mbili
umeme ulipokatika.

Wiki ya kwanza walimkosea poda.
Makopo yamepangwa kama duka la rangi za nyumba,
na maji ya kunde ndiyo mwisho wao.
Yeye ni mweusi wa zambarau iliyoiva.
Wakampaka majivu.
Akatoka kama mtu aliyefukuliwa.
Majaji wakasema: leo hukung'aa.

Wiki ya tatu wakamuuliza:
Afrika yako iko wapi? Mbona hukuvaa chui?
Mhina akanitafsiria, nikacheka mpaka sindano ikaniponyoka.
Chui! Tanga hii?
Bibi yake alikwenda harusini na mwavuli wa lesi,
marashi yakitangulia kupiga hodi.
Chui alimwona kwenye blanketi.

Na mwenzake mweupe akipaza sauti, ni jasiri.
Wetu akiuliza kwa nini, ni mkali.
Wanamkata maneno, wanabakiza jicho tu,
wanalitilia muziki wa kutisha.

Leo amekaa mbele ya kioo, wigi limo mapajani,
amefuta nusu ya uso.
Anasema, na Mhina anameza mate kwanza:
"Nikivua hivi vyote, mwanamke habanduki.
Naitwa Mwanakombo. Jukwaani na jikoni."
Kimya. Kisha mmoja wao:
basi kama ni kweli, mchezo uko wapi?

Mchezo!
Mimi nikipaka wanja Ijumaa, namwigiza nani?
Kungwi akijifunga mkanda wa kiume amfunde mwali,
nasi tukagaagaa kwa kicheko,
nani aliwahi kumdai cheti?

Sasa wanabishana wamtaje kwa neno la kike au la kiume.
Mhina anasema kwao lazima uchague.
Kwetu ni herufi moja.
A.
Amekuja. Amekula. Amelia.
Mama yake angeweza kumpenda miaka yote
bila kukosea sarufi.

Lakini tusijisifu.
Lugha hiyo hiyo ina neno nililomwitia mwenzangu wa utotoni,
shoga, njoo, tugawane ukwaju,
na neno hilo hilo walimrushia yeye
pamoja na jiwe, njia ya soko la Mgandini.
Kovu liko juu ya nyusi. Poda yao hailifichi.
Siku ile nilikuwa hapa hapa, dirishani.
Nilisikia.
Mguu wangu haukuacha kukanyaga pedali.

Hakushinda. Wamemtoa saa tisa na robo.
Akashuka ngazi amelishika gauni kwa vidole viwili
kama avukaye maji ya mvua Makorora,
hakugeuka, na kamera ikamkimbilia mwingine.
Mhina akasema bando limeisha. Halikuwa limeisha.

Daftari langu la vipimo lina jina lake la kwanza,
kwa penseli, ukurasa wenye doa la mafuta.
Kifua. Kiuno. Bega.
Sikulifuta; si langu kulifuta.
Nimefungua ukurasa mpya,
nikaandika Mwanakombo, kwa wino,
kisha nikaona sina vipimo vyake vya sasa.

Asubuhi akatuma sauti, imekauka kwa kulia au kwa baridi:
"Mama mdogo, pindo lilikuwa nene kidogo."
Nikamjibu: nililiacha makusudi.
Inchi mbili, kwa ndani, hazionekani.
Siku ukitaka kujiongeza,
fumua.