Wino wa Kukawia

Malimi wa Makoroboi anausifia wino wake:
"Huu, dada, ukiandika tu umeshakauka,
hata makarani wa mahakama huubeba kwa katoni."
Namwambia, nataka ule uliokudodea.
Ananitazama kana kwamba nimeomba mkate wa juzi.

Anapanda kigoda. Nyuma ya rula na chaki
kuna vichupa vitatu: cheusi, cha buluu,
na kimoja cha rangi ya chai iliyolala.
Lebo imeliwa na mende. Bei anaibuni hapohapo.

Nyumbani, Kirumba, kwenye lile jiwe
ambalo baba alishindwa kulipasua akalifanya ukuta wa jiko,
navuta mistari mitatu, nahesabu.
Mweusi: sijafika nne, umeshakufa.
Wa buluu: kumi na tisa.
Wa chai: nimechambua mchele, nimeuosha, nimebandika,
narudi na kidole,
bado unanifuata.

Mkono wangu wa kushoto unaujua mchezo huo.
Darasa la tatu, Mwalimu Lugembe
alilinyanyua daftari langu mbele ya wote:
kila neno lina mkia, kila jibu
limeburutwa na kiganja kilichokuja nyuma yake.
"Hii ni hesabu, au konokono kapita?"
Wakacheka. Fimbo ikauchagua mkono bila kukosea.
Nikajifunza kuandika kiwiko kikining'inia hewani,
kama mtu anayevuka dimbwi, viatu mkononi.

Sasa nautaka mkia ule.
Nataka kuchora Mwaloni alfajiri,
na alfajiri ya ziwa haina kingo:
wadudu wanapanda majini kama moshi usio na jiko,
mawe yanajitokeza nusu, nusu ya pili
yanaiachia ukungu.
Mstari unaowahi kukauka husema: hapa jiwe, hapa maji,
kama afisa ardhi na kamba yake.
Mimi mpaka huo sijawahi kuuona.

Mama anapita na ungo.
Yeye maisha yake yote ni kukausha.
Dagaa wakiwa mchangani hasemi na mtu,
anasema na anga; wingu likijikunja upande wa Ukerewe
anakimbia na turubai kabla tone halijaamua.
Anauliza, unatafuta nini humo kwenye vichupa?
Kitu kisichokauka, namjibu.
Anacheka hadi anashika mbavu.
"Kisichokauka, Nkwimba, kinaoza."

Sina jibu.
Nachovya tone la gliserini,
ile ya midomo iliyopasuka, ya duka la dawa,
natikisa, naijaza kalamu,
nageuza kalenda ya mwaka juzi,
karatasi ngumu, ya utelezi, isiyonywa kwa pupa.
Namchora yeye: mgongo, reki, kanga iliyofungwa kiunoni,
na dagaa mmoja mmoja mpaka macho yananiwasha.
Kisha nalaza ubavu wa kiganja, cha kushoto,
na kwa mara ya kwanza nauvuta kusudi.

Dagaa wote wakawa mng'ao mmoja.
Mgongo wake ukaingia ukunguni
pasipo kugombana nao.

Nikaiacha dirishani, nikalala.

Usiku mvua ikapiga bati bila hodi.
Nikasikia malapa yake yakikimbia uani,
turubai likiburuzwa, jirani akiita, mlango.
Nikajifunika shuka. Niseme ukweli, nilijifunika.

Asubuhi dirisha limelowa na halina kitu.
Mchoro nimeukuta chini ya turubai,
juu ya gunia, katikati ya dagaa wake,
mahali pakavu kuliko pote nyumbani kwetu.
Kwenye pembe kuna alama ya dole gumba,
pana, yenye kovu la wembe
lililokatiza mistari yake.

Sikuifuta.
Karatasi inanuka ziwa.
Nimeigusa sasa hivi, bado mbichi.