Unga na Nyama

Naamka saa kumi alfajiri, kabla ya mabasi ya mgodi,
kabla mabomba ya maji moto hayajaanza kukohoa ukutani.
Nje, Erdenet imeganda. Moshi umesimama wima.
Mimi nina kazi moja, na ina haraka:
binti yangu huweka video usiku
na kuzifuta kukipambazuka.

Nomin yuko Incheon, kiwanda cha vioo vya simu.
Huenda hiki ninachokigusa kilipita mikononi mwake.
Huenda. Napenda kudhani.
Sekunde kumi na tano: anamenya chungwa kwa mkono mmoja.
Sekunde tisa: soksi zake juu ya hita, moja ina tundu.
Sekunde kumi na tatu: anaiga sauti ya msimamizi,
wenzake wa chumbani wanacheka mpaka picha inatikisika.
Waliotazama: ishirini na mmoja.
Mmoja ni mimi, kwa jina la uongo na sura ya ngamia.

Tuguldur wa duka la simu ndiye aliyenifunza:
nakili kiungo, kibandike hapa,
subiri mstari wa kijani ujae.
"Mama, hizi ni za nini?"
Nikasema, mapishi.
Hata folda kwenye kompyuta nimeiita hivyo, Unga na Nyama.

Haba na haba hujaza kibaba,
na kibaba changu ni gigabaiti thelathini na mbili.
Juzi simu ikaandika: imejaa.
Nikafuta harusi ya mpwa wangu, yote, na ngoma zake.
Picha za marehemu baba yake sikuzifuta.
Nilizisogeza tu kwenye diski,
kama mtu anayeombwa asogee kwenye benchi
ili mwingine apate pa kukaa.

Kinachonikera ni ile chapa yenye jina lake,
inarukaruka kona ya juu, kona ya chini,
nzi aliyenaswa ndani ya kioo.
Akigeuka, imetua shavuni.
Tuguldur anasema kuna njia ya kuiondoa, kwa malipo.
Iache, nikamwambia.
Angalau nzi yuko karibu naye.

Kisha ile ya Novemba.
Ilikaa hewani dakika nne.
Nilikuwa macho kwa sababu ya goti.
Ameketi kwenye ngazi, koti la njano,
hasemi neno,
analia kama mtu anayehesabu chenji,
polepole, asikosee.
Nikabandika kiungo. Kijani kikajaa.
Niliporudi kwake: Video hii haipatikani.

Inapatikana. Ninayo.

Jumapili akapiga.
"Mzima?" "Mzima." "Baridi?" "Ya kawaida tu."
Tukazungumza bei ya kondoo,
mimi kama mwizi anayemuuliza mwenye mali
kama siku hizi analala vizuri.

Akiba haiozi, sawa.
Lakini alichokifuta alikuwa na haki ya kukifuta.
Nalijua hilo. Nalijua kila alfajiri,
kidole changu juu ya alama ya pipa
na simu ikiniuliza kwa adabu:
Una hakika?

Amekuja kwa Mwezi Mweupe, siku tano, nywele fupi.
Anafunga maandazi ya nyama upesi kunishinda.
Katikati ya unga akanawa mikono,
akaenda kwenye kompyuta kutafuta kipimo cha chumvi.
Nikakumbuka jina la folda.
Nikabaki na kisu hewani, kitunguu nusu.

Kimya.
Kisha sauti ya msimamizi. Kisha kicheko,
sikujua kama ni cha ndani ya mashine
au cha sebuleni kwangu.
Akarudi. Akachukua donge lililofuata.
"Chumvi weka kwa kuonja," akasema. Basi.

Amekwisha kuondoka. Nimezihesabu: mia mbili na kumi na tatu,
hakuna iliyopungua.
Zote zina majina ya tarakimu, marefu, ya kipuuzi,
isipokuwa moja, ya Novemba,
ambayo sasa inaitwa Chumvi.

Kipimo hakuandika.