Kodi Haichelewi

Tunamwita Kodi, yule bingwa wa ng'ambo.
Ukimwona amesimama kwenye pedali,
ameshusha zipu, hageuki nyuma,
ujue ni tarehe tano: atafika
hata ukizima taa ukajifanya haupo.

Leo amewaacha wenzake kilomita arubaini kabla ya utepe.
Arubaini! Ni utoke hapa Landi Mawe
watu wakiwa bado wanapuliza chai,
ufike Thika, uoge, ununue nanasi, ulimenye,
ndipo wa pili atokee akiuliza njia.

"Huo ni mguu," asema Gachoka, akigonga meza kwa spana.
"Mnataka nini? Apunguze, ili nyinyi mfurahi?"

Osodo hakubali. Chai yake imepoa tangu mlima wa kwanza
na hilo pia hakubali.
"Hapo hakuna mguu, kuna mfuko.
Watu saba wamemkinga upepo tangu asubuhi,
yeye katikati, ametulia kama yai kwenye trei.
Nipe mimi watu saba."
"Tukupe saba wakusukume?"

Simu imeegemea kopo la grisi. Picha inakwama.
Kodi anaganda kwenye kona, mdomo wazi,
na sisi tunazidi kumfukuza kwa maneno:
kwamba wale watoro wanne wa jana walipumbaa,
kwamba mmoja wao alikuwa kupe,
hakuvuta hata dakika moja,
alinyonya migongo ya wenzake mchana kutwa
akawaruka mita mia mbili za mwisho.
"Kupe!" Osodo alilitema neno kama mbegu ya ndimu.
"Mtu wa hivyo apokonywe baiskeli."

Ndinda amefika na mayai kutoka Wangige,
anashusha trei ya mwisho, anapangusa shingo.
"Mnabishania miguu. Angalieni njia.
Anayechora ramani ndiye anayechagua mshindi,
hao wengine wanatoka jasho tu."
Anachukua chaki yangu ya kuweka alama kwenye rimu,
anainama sakafuni:
Wangige hapa. Mteremko wa Kabete, breki zinanuka.
Kangemi, chini bondeni, na ukitoka huko umeacha kitu.
Halafu Gikomba, siku ya mvua, matope ya kifundo,
mikokoteni haimjui bingwa wala jezi yake.
Kisha matuta kumi na manane, moja baada ya jingine.
"Ayaruke na hao saba wake.
Hapo Kodi atajua hajui."
Gachoka anacheka mpaka anakohoa,
kisha anauliza, kwa sauti ya chini kidogo,
utepe utafungwa wapi.

Mimi sikusema. Nilikuwa nazungusha gurudumu,
nasikiliza spoku iliyolegea.
Mapema, kabla Kodi hajaondoka, nilimwona mmoja,
namba mia na kumi na saba,
amerudi kwenye gari kuchukua maji:
chupa tisa ndani ya jezi, mgongo umevimba
kama mjamzito aliyekosea upande.
Akapanda tena hadi mbele, akawagawia mmoja mmoja.
Ya mwisho alimpa Kodi. Kodi hakumtazama.
Kamera ikaenda na Kodi.
Sijui yule alifika wa ngapi.
Hakuna aliyebisha juu yake.

Saa moja jioni, manyunyu ya Julai.
Ndinda amefunga trei tupu nyuma ya kiti, ukuta mzima,
ameshika Lusaka Road, upepo usoni.
Osodo wa Kangemi naye akakumbuka kwamba ni njia moja.
Nilisimama mlangoni na spana ya Gachoka mkononi:
gurudumu la mmoja shibiri moja nyuma ya la mwenzake,
kichwa kimezama nyuma ya zile trei,
miguu ikizunguka polepole kama ya mtu anayeota.
Mpaka kona, sikumwona akivuta.